Wakuu, RTX 3060 au RX 6600 kwa laki nane? Naomba majibu kabla ya Jumamosi

KimaraMwisho (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni ushauri, hili jambo linaninyima usingizi. Nataka kuweka GPU (kadi ya grafiki) kwenye PC yangu nicheze gemu za sasa. Natumia grafiki ya ndani ya prosesa, na hata GTA V inakwamakwama nikiwa nimeshusha kila kitu mpaka chini.

Nina laki nane. Nimezunguka Kariakoo na Posta, zimebaki mbili kichwani, zote used: RTX 3060 kwa laki saba na nusu na RX 6600 kwa laki sita na nusu. PC ni Core i7, RAM 16GB, SSD ipo, monita 1080p. Mmoja ananiambia 3060 ina VRAM (memori ya kadi yenyewe) kubwa itadumu, mwingine anasema 6600 haili umeme. Muuzaji wa 3060 ana mteja mwingine anayeitaka, kanipa mpaka Jumamosi. Msaada wenu tafadhali.

Fundi_Solda
Mkuu, kwa 1080p zote zinakutosha. Kwa gemu za kawaida zinakimbizana, 3060 inajivunia DLSS (ujanja wa Nvidia wa kuongeza kasi ya gemu) na zile 12GB za VRAM, 6600 ina 8GB. Tofauti ipo kwenye umeme: 3060 inakula wati 170 na Nvidia wanashauri pawa saplai ya wati 550, 6600 inakula 132 na AMD wanashauri 450.

Sasa nijibu: i7 kizazi cha ngapi, na pawa saplai yako ni wati ngapi? Bila hivyo tunapiga ramli.

Nahodha wa Feri
Achana na habari za kadi. Chukua PS4 used, chenji inayobaki nunua pedi ya pili na gemu la mpira la EA FC, unawasha unacheza. PC kila siku draiva, mara joto, mara hiki. Mimi mwaka wa ngapi huu, PS4 yangu haijawahi kuniuliza wati.

Chausiku_TZ
Nahodha, kaulizia GPU, si PS4.

Mwanzisha uzi, mimi natumia RX 6600 na sina malalamiko. Ila kwenye used kuwa makini sana. Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa GPU, kadi za wachimbaji zilimwagwa sokoni dunia nzima na nyingine zikatua huku. Mimi niliuziwa RX 580 nikafurahi nayo, kumbe ni ile ya 2048SP, ambayo kwa ndani ni RX 570 iliyopewa jina la mkubwa wake. RX 580 yenyewe ina shader (viini vya kuchora picha) 2304. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hata kwenye boksi ilikuwa imeandikwa, kwa maandishi madogo tu. Na nakaa Kigamboni karibu na bahari, kile kibati cha nyuma kilishika kutu masika yaleyale. Omba wakuwashie, wafungue programu ya GPU-Z inayoonyesha undani wa kadi, usome kila mstari kabla hujatoa hata mia.

Mzee wa Busati
Kijana, laki nane ni kianzio cha kiwanja Chanika. Wenzako wa umri wako wanakusanya tofali. Nasema kama mzazi, hizo picha zinazokimbia kwenye kioo hazitakupokea ukistaafu.

KimaraMwisho
Shikamoo Mzee wa Busati, ushauri nimeupokea. Ila sijaoa, kodi nimelipa ya miezi sita, na nyumbani natuma kila mwezi. Hii ni hela ya kazi za ziada nimeiweka kwa kusudi hili. Sinywi, sibeti. Gemu ndiyo starehe yangu pekee.

Chausiku, asante dada. RX 580 siigusi. Kwa maelezo yenu naona 3060 imeshinda, 12GB ni 12GB, na duka linatoa waranti ya mwezi. Labda kama kuna mtu ana sababu nzito ya kuikataa.

Fundi_Solda
Hujajibu. Kizazi cha ngapi, wati ngapi.

KimaraMwisho
i7-4790. Pawa saplai ni ileile iliyokuja na mashine, ya Dell, nzima kabisa, haijawahi kunisumbua.

Fundi_Solda
Dell gani? Inayosimama au ile nyembamba ya kulaza?

Nahodha wa Feri
Fundi leo kawa hakimu.

KimaraMwisho
OptiPlex 9020. Nyembamba. Kwenye lebo imeandikwa 255W.

Naomba msinishambulie kwanza. Nilishaongea na fundi wa pale dukani. Anasema tunakata kifuniko, kadi inakaa nje kwa raiza (waya wa kuiunga na mazabodi), tunaweka pawa saplai ya pili pembeni ya kulisha kadi peke yake. Video za watu waliofanya hivyo zipo, nimeziangalia nyingi. Na kianzio nimeshatoa, laki tatu, kwa hiyo nilichokuwa nahitaji zaidi ni kujua kama 3060 ni kadi nzuri.

Fundi_Solda
Kadi ni nzuri. Haiwezi kukaa hapo.

Nieleze polepole maana hili linawagharimu wengi wenye hizi PC za ofisi. OptiPlex nyembamba inapokea kadi fupi tu, zile za kimo cha nusu. 3060 na 6600 za kawaida ni za kimo kizima. Hapo kabla hatujagusa umeme tumeshakwama. Ukija kwenye umeme, pawa saplai ya 255W haina waya wa pini 6 wala 8 wa kupeleka kwenye kadi.

Mpango wa pawa saplai mbili unawezekana, nimeuona ukifanya kazi, lakini si wa kukaa nao nyumbani. Hata ukiweka ya pili, kadi inaendelea kuvuta umeme mwingine kupitia sloti ya mazabodi, na sloti inaruhusiwa kutoa mpaka wati 75. Huo unatoka kwenye ileile 255W ya Dell. Kwa hiyo kadi moja inanyonya kwa mama wawili, na hao mama lazima waamke na kulala pamoja. Ile ya nje wengi wanaiwasha kwa kuunga waya wa kijani na mweusi, maana yake iko hewani muda wote hata PC ikiwa imezimwa. Sasa fikiria umeme wetu, unakatika, unarudi, unakatika tena ndani ya dakika moja. Mashine iko wazi bila kifuniko, vumbi la Kimara linaingia, raiza inaning'inia. Kikiharibika kitu, waranti ya mwezi haitakuwa na maana, watakuambia kesi (boksi la PC) ulikata mwenyewe.

Halafu kuna prosesa. 4790 ni kizazi cha nne, koa nne. Bado inacheza, ila kwenye gemu nzito za sasa yenyewe ndiyo itakayoichelewesha 3060. Unalipia nguvu ambayo hutaiona.

Chausiku_TZ
Na kwa watakaokuja kukushauri kadi ya Intel Arc B580 kwa sababu ya bei, hiyo inataka Resizable BAR (prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mpigo), na Intel wanazungumzia kizazi cha 10 kwenda juu. Kwako haifai.

KimaraMwisho
Fundi nakuelewa, nakuelewa sana. Lakini jamaa wa dukani amefanya kazi hiyo kwa wateja wengi. Na laki tatu ndiyo imeshakwenda. Nikiiacha kadi nimepoteza laki tatu, nikiichukua angalau ninayo mkononi, kesi nitabadilisha mbele ya safari.

Kobe Mkavu
Nimesoma uzi wote. Wakuu, hii ni chai, na imewekwa tangawizi.

Angalieni. Akaunti imefunguliwa mwezi huu. Bei kataja, waranti kataja, "mteja mwingine anaitaka" kataja, "mwisho Jumamosi" kataja, "amefanya kwa wateja wengi" kataja. Kila akishauriwa aache, anarudi kumsifia muuzaji. Huyu ndiye muuzaji. Kesho mtu atamfuata inbox kuuliza duka liko wapi, biashara imekwisha.

Nahodha wa Feri
Eeh bwana! Ndiyo maana PS4 hakuijibu kabisa.

Mzee wa Busati
Mimi niliona mapema. Kijana asiyeoa na mwenye akiba hivyo ana jambo.

KimaraMwisho
Kobe Mkavu, umenikosea. Jina la duka sijalitaja popote na sitalitaja. Kama ningekuwa nauza, ningekubali vipi kuandika hapa kwamba mashine yangu haiingii kadi?

Kobe Mkavu
Maneno hayashibishi. Picha. Lebo ya pawa saplai yako, na hiyo 3060 ikiwa inawaka, pembeni weka karatasi yenye jina lako la humu na tarehe ya leo.

KimaraMwisho
Ya karatasi na lebo hiyo hapo, nimepiga sasa hivi chumbani. Kadi iko dukani, ila siku natoa kianzio waliiwasha wakafungua hiyo GPU-Z, nikapiga picha ya skrini kwa simu. Nayo hiyo.
*[picha 1: kesi nyembamba ya Dell imefunguliwa, lebo 255W, karatasi "KimaraMwisho" na tarehe]*
*[picha 2: skrini ya GPU-Z]*

Kobe Mkavu
Sawa. Mashine ni yako na karatasi ni ya leo. Nafuta kauli.

Chausiku_TZ
Ngojeni. Hebu kuzeni picha ya pili.

Memory Size 8192 MB. Bus Width 128 bit.

KimaraMwisho, hiyo si 3060 ya 12GB. RTX 3060 iliyotoka 2021 ina 12GB na basi ya biti 192. Mwishoni mwa 2022 ikatoka nyingine yenye jina hilohilo, 8GB na biti 128. Njia ya kupitisha data ni nyembamba kwa theluthi moja, 240GB kwa sekunde badala ya 360, na kwenye gemu inaachwa nyuma waziwazi. Si feki, ni kadi halali ya Nvidia. Ila wewe unalipa bei ya 12GB.

Fundi_Solda
Macho yako dada yabarikiwe. Mimi nilikuwa kwenye lebo ya Dell tu.

Mkuu, hapo una hoja mkononi. Alikuambia 12GB kwa mdomo au kwa maandishi?

KimaraMwisho
Risiti ya kianzio imeandikwa "RTX 3060 12GB". Ninayo.

Natetemeka kidogo hapa. Nampigia.

Kobe Mkavu
Usimpigie ukiwa na hasira. Mpelekee risiti na hiyo picha, ongea mbele ya wateja wengine, kwa sauti ya kawaida. Ukipenda nikusindikize, nafanya kazi Mnazi Mmoja.

Fundi_Solda
Na usiende bila kujua unachotaka badala yake. Njia mbili.

Ukitaka kubaki na kesi hiyo nyembamba: RTX 3050 ya 6GB, toleo la kimo cha nusu. Inakula wati 70, haihitaji waya wowote. Usichanganye na 3050 ya 8GB, hiyo inataka waya. Pima kwanza nafasi ndani, nyingi zinachukua upana wa sloti mbili.

Ukitaka kucheza vizuri, ambayo mimi ndiyo naisimamia: tafuta 9020 hiyohiyo ila ya kusimama. Prosesa, RAM na SSD yako vinahamia bila kununua kipya. Ile inapokea pawa saplai ya kawaida ukiweka adapta ya pini 24 kwenda 8. Hapo RX 6600 inakaa, kifuniko unafunga.

KimaraMwisho
Nimemaliza kuongea naye. Hakubisha alipoona risiti. Hela taslimu harudishi, anasema nichague kitu dukani kwa hiyo laki tatu. Ana 9020 ya kusimama, tupu bila prosesa wala RAM, laki moja na nusu. Adapta anayo. Na pawa saplai ya "wati 500", chapa siijui. Kobe, kama bado upo Mnazi Mmoja nakuja.

Kobe Mkavu
Nipo. Tukutane kituo cha Gerezani.

Fundi_Solda
Kesi na adapta chukua. Pawa saplai ngoja. Geuza usome mstari wa 12V: wati 500 za kweli zinakupa karibu ampea 40. Ukikuta 18 au 20, hiyo ni wati 240 zilizoandikwa 500, mwachie. Bora ubaki na salio dukani.

KimaraMwisho
Nipo kwenye mwendokasi, imejaa hata simu siishiki vizuri. Nikifika natuma picha ya lebo. Fundi, naomba usilale.