Duka limeniharibia kadi 53 za chaki, kisha likanikata pesa

Assalaam aleikum, jamaa. Uzi huu naufungua nikiwa na hasira, kwa hivyo mkiniona napandisha sauti nivumilieni.

Jana baada ya alasiri kijana wa duka alipiga hodi, akanikabidhi mfuko mtupu wa unga wa kilo mbili uliofungwa kwa mpira. Ndani mna kadi zangu 53. Hakuna bahasha, hakuna karatasi za kufunikia, zimepangwa uso kwa mgongo na kubanwa kama noti. Nikaketi dakani, pale kibarazani mlangoni, nikazitoa moja moja. Ya kwanza ni jahazi. Tanga nililipaka chaki nyeupe juu ya karatasi ya buluu, na katikati ya tanga pana alama ya dole gumba, unaiona mpaka mistari ya ngozi, imeburutwa kutoka kwenye tanga hadi baharini. Ya pili ni mlango wa nakshi. Juu ya kizingiti mtu amebandika kibandiko cha bei, kisha akakibandua, kikaondoka na karatasi ya maua nzima na kuacha jeraha jeupe. Nikaigeuza ya tatu, nyuma yake nikakuta picha hafifu ya kadi iliyokuwa chini yake. Chaki imehama. Binti yangu wa miaka 12, aliyenisaidia kuchana karatasi za kadi hizo, alisimama akatazama, akaingia ndani bila kusema neno.

Niwaeleze tangu mwanzo. Naishi Langoni, hapa Lamu. Natengeneza kadi za mkono: za Idd, za arusi, za Maulidi, za kuwatakia heri watoto wa kidato cha nne. Mwezi wa saba nilipeleka kadi 80 kwenye duka moja la vitu vya wageni upande wa bahari. Jina silitaji. Tulipatana mali kauli: kila kadi itakayouzwa nipewe shilingi 200, juu ya hapo auze apendavyo. Aliziuza 450 na mimi sikuona ubaya, duka lina kodi na lina watu wa kulipwa.

Siku hiyo nilimwambia mambo matatu kwa mdomo wangu, kisha nikamwandikia kwenye simu ili asisahau. Kadi zisitolewe kwenye mifuko yake angavu. Zisikae juani. Bei ibandikwe kwenye mfuko, isibandikwe kwenye kadi. Alinijibu kwa ile picha ya dole gumba. Ujumbe ninao mpaka leo.

Alichofanya ni kuzitoa zote kwenye mifuko "ili wageni wazishike", na kuzipanga kwenye kile kitundu cha waya kinachozunguka, akakisimamisha mlangoni. Mji wetu umeangalia mashariki, umeelekeana na kisiwa cha Manda. Jua likitoka, duka lolote la mbele ya bahari linalipata usoni. Majuma sita kadi zangu zimekula jua la asubuhi kila siku iliyo na jua, na siku za manyunyu ya kusi zimekula unyevu. Zambarau imegeuka kijivu. Waridi limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Na mikono, mikono, mikono: ya wageni iliyopakwa mafuta ya jua, ya watoto wenye barafu za ukwaju, na ya wafanyakazi wake mwenyewe kila jioni wakikiingiza kile kitundu ndani.

Nilipompigia simu kumuuliza, alinijibu hivi, na neno hili ndilo lililonifanya nifungue uzi: "Bi, kazi yako haikukauka vizuri. Inachafua wateja."

Haikukauka!

Chaki haikauki, kwa sababu haikuwa majimaji tangu mwanzo. Chaki laini ya kuchorea ni unga wa rangi ulioshikanishwa na gundi kidogo sana, kiasi tu cha kuufanya usimame kama kijiti. Ukiipaka, unga unakaa kwenye vinyweleo vya karatasi na kushikwa na ule ukwaru wake. Iache mwaka mzima, utakuta unga ni unga. Uzuri wake umo humo humo: rangi haina kioo juu yake, inakupa ule weupe mtulivu wa ukuta wa chokaa. Mtu wa Lamu aliyekulia kwenye nyumba yenye vidaka, vile vishubaka vya ukutani, anaujua weupe huo, maana ameuona tangu utoto. Ndiyo maana nachora vidaka kwa chaki, nikaachana na rangi za maji. Na ndiyo maana kadi ya chaki inafunikwa, haipapaswi. Huyu bwana anauza picha zilizotiwa fremu zenye kioo. Hajamwambia mchoraji yeyote kwamba kazi yake ni mbovu kwa kuwa inahitaji kioo.

Na wanaosema "ni karatasi tu", nawaomba waisome sehemu hii polepole.

Naanza na karatasi ngumu ya gramu 250. Naikata A4 nusu kwa nusu, kila nusu naikunja, inakuwa kadi ya milimita 105 kwa 148. Karatasi ina mkondo wake kama ubao. Ukiikunja kinyume cha mkondo, mgongo wa kadi unapasuka na kutoa nyuzi, kwa hivyo naipinda kwanza kwa vidole kila upande nisikie wapi inalegea. Kisha napiga mstari kwa rula na kalamu ya biki iliyokwisha wino, ndipo nakunja.

Karatasi za nakshi hazipatikani hapa. Zinatoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, zinapanda boti, kisha ziko begani mwangu au juu ya punda. Nachagua zile zilizo nyeupe ndani na nakshi juu. Hizo huzikati kwa mkasi, unazichana kwa kuivuta karatasi kujia kwako, na ukingoni unatokea ukanda mweupe usio sawa, mwembamba kama povu la wimbi. Ukanda ule ndio naupaka chaki kwa kijiti cha pamba cha masikio, kwa miduara midogo, rangi nyepesi kwanza na nzito baadaye. Ukianza na nzito umeharibu, hakuna kurudi nyuma.

Muhuri wa ua la mlangoni nimeuchonga mwenyewe kwenye kifutio cha shule. Naupiga kwa wino usio na rangi, ule unaonata. Hapo huoni kitu. Kisha nachukua brashi laini yenye unga wa chaki nikapitisha juu, na ua linatoka taratibu pale tu penye unato, mahali pengine unga unapepetwa. Kila mara binti yangu anasogea kutazama, ingawa ameliona mara mia. Kadi moja ya mlango inanichukua dakika 50 hivi, bila kuhesabu ya jana yake iliyoharibika.

Na chaki yenyewe siyo ile ya ubaoni. Chaki nyingi za shule siku hizi ni jasi, ngumu, rangi imepauka, inakwaruza kadi. Nilianzia hizo kwa kukosa, nazijua. Hizi laini nanunua boksi moja na nalitunza kuliko vyombo vyangu vya udongo. Majira ya kusi karatasi hulegea na kujikunja, kwa hivyo naziweka kwenye kopo la biskuti pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Majirani wote wa mtaa wananiwekea.

Sasa hesabu. Ziliuzwa kadi 27. Mara 200 ni shilingi 5,400. Nimetumiwa 2,400. Hizo 3,000 anasema ni "nafasi ya duka", neno ambalo halikutajwa siku ya mapatano wala kwenye ujumbe wowote. Na hizo 53 alizorudisha, ambazo siwezi kumuuzia hata mtoto wa jirani, ni 10,600 kwa bei yangu. Jumla amenitia hasara ya 13,600, na lawama juu.

Linaloniuma zaidi ya pesa ni kwamba sasa hivi anawaambia wenye maduka wengine kadi za chaki hazifai. Nimepita Usita wa Mui, ile njia kuu ya maduka, leo asubuhi, mama mmoja aliyekuwa akinichukulia kadi za Idd akaniuliza kwa upole kama ni kweli zinatoka rangi. Miaka tisa najenga jina katika mji ambao kila mtu anamjua mwenziwe, na mtu mmoja analibomoa kwa kuwa hakutaka kuacha kadi kwenye mifuko yake.

Huu ni mji ulioandikwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na mikono ya watu wake ni sehemu ya urithi huo. Pale Siyu, kisiwani Pate, wazee wetu walinakili misahafu kwa mkono na kuizungushia nakshi za wino mwekundu na mweusi. Mwenye duka anawaambia wageni kila siku habari za mafundi wa Lamu, nimemsikia kwa masikio yangu. Fundi mwenyewe akimpelekea kazi, anamrudishia ndani ya mfuko wa unga.

Nataka mawili. Anirudishie zile 3,000 alizokata bila mapatano, na anilipe hizo 53. Nimeshamwandikia. Ujumbe ameusoma.

Nyongeza, usiku

Nimesoma majibu yenu, ahsanteni. Najibu matatu.

Kuna aliyeuliza kwa nini sipulizi dawa ya kushikisha rangi. Napuliza. Mara mbili, nyepesi, kwa umbali wa mkono, dirisha wazi. Dawa inapunguza unga kudondoka, haiufungi kabisa, na ukiizidisha rangi inaingia giza na ule weupe wa chokaa unakufa. Na aliyependekeza dawa ya nywele kwa kuwa ni rahisi: nilijaribu miaka ya mwanzo, kadi zikapata umanjano baada ya muda. Siirudii.

Aliyesema nichape kwa mashine tu, "kadi asili yake ni mashine". Ndugu yangu, kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa, ile ya Henry Cole kule London mwaka 1843, nakala 1,000 kwa shilingi moja ya Kiingereza, ilichapwa michoro tu, rangi zikatiwa kwa mkono. Mashine na mkono vimekaa pamoja tangu hapo. Anayetaka kuchapa achape. Mimi sikumpelekea huyu bwana kadi za kuchapa na yeye hakuniagiza hizo.

Na dada wa Shela aliyesema nilikosea kutoandikiana karatasi yenye sahihi: ni kweli, na nimeumia kwa hilo. Kuanzia sasa yeyote atakayechukua kadi zangu mali kauli ataweka sahihi kwenye karatasi yenye idadi, bei, siku ya kurudisha, na kwamba kitakachorudi bila mfuko wake kimeuzwa. Nimeshaiandika, nusu ukurasa. Anayeitaka aniombe nimtumie, iwe anauza kadi, kofia za vito au mikeka.

Nyongeza ya pili, siku mbili baadaye

Amepiga simu. Mtu fulani amemwonyesha uzi huu. Hakuomba radhi. Amesema nipitie dukani nichukue 1,500 "tuyamalize kiutu uzima", na niufute uzi. Nikamuuliza 1,500 ni ya nini, ni ya kadi au ni ya ile nafasi ya duka? Akanyamaza, kisha akasema nilimuaibisha. Nikamwambia jina lake sikulitaja popote, na kwamba nikilipwa haki yangu nitaandika hapa hapa kwamba nimelipwa, siku hiyo hiyo.

Nimekataa hizo 1,500. Jumamosi baada ya sala ya alasiri nakwenda pale na ule mfuko wa unga, kadi zikiwa ndani kama zilivyokuja, na ujumbe wa mwezi wa saba kwenye simu. Mzee mmoja wa mtaa anayeheshimiwa na sote wawili amekubali tufuatane. Kuna mwenzangu wa vikapu na mwingine wa shanga wameniandikia faragha kwamba walikatwa hiyo hiyo "nafasi" katika duka hilo hilo. Nao wanakuja. Kama kuna mwingine aliyeacha mali yake pale, tutakutana Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, saa kumi na nusu.