Nimalizie ukarabati au niuze nyumba ilivyo?

Njiapanda: Habari wakuu. Nyumba yangu nataka kuiuza mwakani, nimeanza kukarabati jiko, fundi kila akija ana bajeti mpya na hela inakata. Nikiweka kaunta ya granite na makabati mapya hela yangu itarudi? Usingizi sipati.

Mama Pacha: Pole mdogo wangu. Sisi tulibadilisha bafu zima, mnunuzi akaja akaangalia dari tu, kuna alama ya maji, akaondoka. Paa kwanza!

Dalali Mkongwe: Isirudi yote usishangae. Ripoti ya Cost vs. Value ya Marekani ya 2024 ilikadiria jiko la marekebisho madogo linarudisha kama 96% ya gharama, la kifahari 38% tu. Mthamini anaangalia nyumba za jirani zimeuzwa bei gani, granite yako haimbabaishi. Ila jiko tu ndio linakausha mfuko hivyo? Umebomoa nini?

Njiapanda: Ukuta tu, kati ya jiko na chumba.

Dalali Mkongwe: Chumba gani?

Njiapanda: Cha tatu cha kulala. Sawa vimebaki viwili, lakini jiko limekuwa pana, mwanga unaingia, watu siku hizi wanapenda jiko la wazi, mke wangu kalipenda sana, na mkopo nimeshachukua.

Mnyoofu: Kukopa upambe kitu unachouza ni kujitafutia presha. Ridhika.

Jicho Kali: Jamani hii stori ya kutunga. Nani anauza nyumba halafu anamjengea mkewe jiko? Huyu fundi anatafuta wateja, subirini aweke namba ya simu.

Njiapanda: Sitafuti mteja yeyote ndugu, nina shida kweli.

Mama Pacha: Mimi namwamini, ila Jicho Kali kauliza la maana. Mkeo anajua mnauza?

Njiapanda: Nitamwambia jiko likiisha.

Mama Pacha: Mwambie leo, hata kaunta usiagize!

Mnyoofu: Nilijua.

Dalali Mkongwe: Mkishaongea, mwite mthamini akupe bei mbili, ya vyumba viwili na ya vitatu, ndio uamue kama ukuta unarudi. Kwanza ulikuwa umebeba paa?

Njiapanda: Fundi alisema haujabeba kitu.

Dalali Mkongwe: Fundi huyohuyo wa bajeti mpya? Tafuta mhandisi aje aangalie.