NUSU NA THELUTHI NI NGAPI? Leo nimeambiwa ni mbili juu ya tano!!!

Mama Pacha: Niko steji saa hii, mikono inatetemeka. Yule mwalimu wa gredi ya sita. Msiniulize nani, mnamjua, yule wa miwani kichwani.

Kijana wangu kaandika 1/2 + 1/3 = 5/6. Kapigwa X nyekundu hadi karatasi ikatoboka, kando kaandikiwa 2/5. Nikaenda shuleni kwa adabu zote: "Mwalimu, labda hapa kalamu iliteleza." Akaniangalia kama mdudu ndani ya unga. "Mzazi, hizo ni hesabu za 8-4-4, mtaala wa zamani. Sasa tuko CBC, mtaala mpya."

Hesabu za 8-4-4! Una nusu chapati, unaongezewa theluthi, halafu unabaki na kipande kidogo kuliko ulichoanza nacho? Hiyo chapati imerogwa! Na darasa zima limeandika 2/5 na kupata tiki, mjinga ni wangu peke yake. Hesabu za 8-4-4, jamani!

Mjomba Kayole: Pole mama. KCSE ya kidato cha nne, hesabu ulipata ngapi? Nauliza tu 😂

Mama Pacha: D kavu. Lakini chapati najua kugawa.

ChakiKavu: Mimi ni mwalimu, msitutukane sote. Wa msingi anafundisha karibu kila somo, hata lile alilolikimbia shuleni.

Mjomba Kayole: Na watoto wanarithi mbio hizo.

Karani Mstaafu: Mwaka 2012 Benki ya Dunia iliwapima walimu wa msingi hapa Kenya kwa maswali ya kiwango cha darasa la nne. Waliofikisha asilimia 80 hawakufika nusu.

Mjomba Kayole: Nusu ya CBC ama ya 8-4-4?

Mama Pacha: 😭😭 Ati "Mzazi, hizo ni hesabu za 8-4-4"!

Sufuria Tupu: Afadhali wewe. Landilodi wangu anagawa bili ya maji kwa milango. Naishi peke yangu, jirani ana watoto sita, tunalipa sawa.

ChakiKavu: Ni ile ploti ya geti la kijani? Nilihama huko. Maji Alhamisi tu.

Sufuria Tupu: Alhamisi ilikuwa zamani! Siku hizi ni Jumamosi saa tisa usiku, tena yana rangi ya chai.

Mama Pacha: Sasa 5/6 yangu imeenda wapi?

Mjomba Kayole: Ngoja kidogo mama. ChakiKavu, ulipohama deposti ulirudishiwa?