Tupeane uzoefu: matapeli wanaopiga simu wakijiita watu wa URA (mamlaka ya mapato Uganda)

Wadau wa Uganda, wewe walikujia vipi na ulishtukia wapi? Naanza mimi. Nauza spea pale soko la Kisekka, Kampala, jamaa akanipigia duka limejaa wateja, ananiita majina yangu yote, eti EFRIS yangu (ule mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki) ina mauzo sijatangaza, gari la kuja kufunga duka liko njiani ila nikituma laki tatu sasa hivi yanaisha. Nikamwambia sawa bosi, nipe PRN, ile namba ya malipo ya kodi, nilipe. Akanisomea namba ya simu! Nikamwambia kaka, PRN inatoka kwenye mfumo wa URA, unalipia benki au kwa mobile money na hela inaenda serikalini moja kwa moja, haipiti kwa mtu. Akanitukana, akakata.

Na msishangae wanajua jina lako, mtu anaweka namba yako kama anataka kukutumia hela, jina likitokea anaghairi.

*Mdau, Arua*
Huku wanapenda wamama wa sokoni. Jirani yangu anauza mukene (dagaa) na nyanya, wakamwambia anadaiwa kodi ya miaka mitatu. Mama wa watu alishaanza kukopa! Biashara ya mauzo yasiyozidi milioni 10 kwa mwaka hailipi hata ile kodi ya wafanyabiashara wadogo, na yeye hafiki huko hata aote.

*Mdau, Jinja*
Dada yangu alipata "mchumba" wa Ulaya mtandaoni, kifurushi eti kimekwama Entebbe, tuma ushuru. Akatuma. Kesho yake kikawa na faini. Jina lililotokea wakati anatuma lilikuwa la mtu binafsi, tena Mganda mwenzetu, nikamuuliza hiyo forodha ina jina la ukoo tangu lini? Kaninunia mpaka leo.

*Mdau, Mbale*
Mimi walitaka elfu hamsini wanitolee TIN (namba ya mlipakodi) wakati TIN ni bure. Ukiwa na wasiwasi kata simu, piga mwenyewe namba ya URA, 0800117000, haikatwi salio.

*Mdau, Kampala*
Na aliyeshatuma je?

*Mdau, Arua*
Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako hapohapo, hela ikiwa bado haijatolewa kwa wakala wanaweza kuizuia, halafu nenda polisi na ule ujumbe wa muamala usiufute. Ukingoja mpaka jioni ndugu yangu, sahau.