Uwanja mmoja, mageti mawili: naombeni ushauri wa sehemu za kukutana wakati wa dharura

Mwanzisha uzi: Wanajamvi, habari zenu. Kikundi chetu cha kujiandaa na majanga kina familia 14, na tulipanga sehemu moja tu ya kukutana: uwanja wa shule. Juzi tukafanya zoezi usiku, simu zimezimwa. Wengi tukasimama geti la mbele. Mzee wetu mmoja akakaa geti la nyuma dakika 40, tochi mkononi na mfuko wa dawa begani, sisi tukimhesabu kuwa hajafika. Imeniuma sana. Tuchague vipi?

Zamu ya Usiku: Pole mkuu. "Uwanja wa shule" ni eneo kubwa mno. Tajeni kitu ambacho mtu atakigusa kwa mkono gizani: mlingoti wa bendera, tangi, mti fulani. Tena ziwe sehemu tatu. Ya kwanza nje tu ya nyumba, kwa ajili ya moto. Mkifika mnahesabiana, na asiyeonekana mnawaambia zimamoto, hakuna kurudi ndani. Ya pili mtaani. Ya tatu mbali kabisa, mkiambiwa mtaa mzima uhame.

Mama Pacha: Kabla hamjaipenda sehemu, tembeeni njia yake. Sisi tulikuwa na jengo zuri, lina paa na maji, kumbe kulifikia lazima uvuke daraja. Mafuriko yanayokwenda kasi, hata kina cha sentimita 15, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 husomba magari mengi. Tukaifuta siku hiyohiyo. Na mtembee na yule mwenye mwendo wa taratibu kuliko wote. Muda wake ndio muda wa kikundi.

Fundi Taa: Tazameni na juu: nyaya za umeme, kuta ndefu, mabango. Likija tetemeko, hivyo ndivyo vinavyowaangukia watu waliokwisha kutoka salama.

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Na asiyefika tunamsubiri mpaka lini? Mzee hakujua aondoke au abaki.

Zamu ya Usiku: Kubalianeni muda mapema, tuseme nusu saa, kisha wote mnahamia sehemu inayofuata. Hatari ikisogea, ondokeni hapohapo. Wa mwisho aache alama ya chaki: mshale na saa tu, majina msiandike. Halafu muwe na mtu mmoja anayeishi mbali, namba yake kila mtu ameiandika kwenye karatasi. Mtumieni meseji, mtandao ukizidiwa, mara nyingi meseji hupita pale simu ya kupiga inapokataa.

Mwanzisha uzi: Leo jioni nimetembea na mzee. Kachagua mwenyewe: tangi la maji upande wa nyuma, kwa sababu kutoka kwake hadi pale hakuna ngazi hata moja. Dakika 18 kwa mwendo wake. Wiki ijayo tunarudia zoezi, simu zimezimwa vilevile.