Ford ya zamani imelala Kamalondo, fundi anataka kuitia injini ya Toyota. Nikubali?

Mama Cherehani (Lubumbashi) aliandika:

Wakubwa, habari zenu. Mimi ni mshonaji, si mekanisye, kwa hiyo mkiona nimekiita kitu kwa jina la cherehani mnisamehe.

Nina gari. Ni Ford, ile yenye taa mbili za mviringo zilizotokeza mbele kama macho ya chura na kioo kilichosimama wima. Bibi yangu angeliita gari la Bula Matari, yaani la serikali ya wakoloni. Lilinifikia hivi: nilishonea familia moja nguo za harusi, watu 34, kitambaa kimoja. Malipo ya kwanza walitoa. Ya pili yakawa "mama, juma lijalo", hadi mtoto wa harusi hiyo akazaliwa. Mwishoni mkubwa wao akaniambia pesa hakuna, ila nyuma ya nyumba ya marehemu babu kuna chuma. Nikaenda kuangalia. Kuku watatu walikuwa wanaatamia kwenye kiti cha nyuma. Nilikubali siku ileile. Mume wangu bado ananiuliza kwa nini.

Hali yake: tairi zimeoza, nimezikata, na rimu nimeipima kwa futi yangu ya kushonea pale tairi linapokaa: inchi 19. Usukani uko kulia, jambo ambalo sikulitegemea kwa gari lililozeekea huku kwetu. Injini haizunguki hata ukininginia kwenye manivela, ile fimbo ya chuma ya kuizungusha kwa mkono. Radiateri mtu aliikata zamani akaenda kuiuza, maana mji huu shaba hailali nje. Limebaki ganda la mbele tu, nalo nikilifuta kwa kitambaa linang'aa kama sufuria mpya. Paa katikati lilikuwa la kitambaa, limekwisha. Hilo haliniumizi kichwa, nitalishona mwenyewe.

Nataka liwe gari la maharusi. Wateja wangu ndio hao hao, nguo kwangu, gari kwangu. Fundi jirani anasema tutoe injini, tutie ya Toyota Corolla na gia zake, majuma mawili tu. Bei yake si mbaya. Ila kila akisema "majuma mawili" macho yake yanaangalia pembeni. Niambieni ukweli.

Kijana wa Katuba alijibu:

Mama, tia Toyota. Mimi nabadilisha injini kila mwezi. Ikifa pompi au buji (plagi), unatuma mtoto kwa muguu anarudi nayo kabla bukari (ugali) haijaiva. Hiyo ya zamani ikikufia barabarani na bibi harusi ndani, utamwita nani?

Traksyon wa Bukavu alijibu:

Kijana, usimharakishe mama. Mimi nina Citroën Traction ya 1938, niliinunua ikiwa tayari imeshatiwa injini ya watu wengine. Nimemaliza miaka sita nikitafuta vitu ambavyo yule aliyeniuzia alivitupa kwa siku moja. Traction zilianza 1934, zinavutwa na magurudumu ya mbele na hazina chasi, mwili wenyewe ndio chasi. Sasa fikiria unyevu wa ziwa letu: kutu ikila mlango inaelekea mgongoni mwa gari zima. Tairi zake ni za milimita 400, hakuna tairi la kamyo wala la taksi linaloingia pale. Zinatengenezwa bado Ulaya, lakini ukishalipa dwani (ushuru wa forodha) utakula sombe (kisamvu) bila samaki mwezi mzima. Mama ana chasi ya kweli na gari ambalo vipuri vyake vipya vinatengenezwa Marekani hadi leo. Namwonea wivu.

Ajistere Mstaafu (Likasi) alijibu:

Mama Cherehani, nakusalimu. Nilikuwa ajistere, fundi wa kuunganisha vyuma vya mashine, miaka 31, sasa nafuga kuku, kwa hiyo hata hao watatu wako ninawaelewa. Gari la namna hiyo nimelifungua mara mbili kwa mikono hii. Moja lilifufuka. La pili tuliliua wenyewe.

Hiyo ni Ford A. Zilitengenezwa tangu mwisho wa 1927 hadi 1931, karibu milioni tano, ndiyo maana vipuri bado vipo. Za 1928 na 1929 zina rimu ya inchi 21, hizi za 19 ni za 1930 na 1931. Ganda lako linalong'aa linasema hivyohivyo: za kwanza zilipakwa nikeli juu, za 1930 wakaanza kutumia inoksi, chuma kisichoshika kutu. Na usukani wa kulia maana yake halikuletwa na Mbelgiji kutoka Antwerp. Ford ya Kanada ndiyo iliyokuwa ikiuzia makoloni ya Mwingereza. Nadhani lako lilipanda kutoka kusini kwa reli, ile iliyofika hapo kwenu 1910.

Sasa hiyo Toyota. Fundi wako hajalala chini ya gari, ningelijua hata bila kumwona. Kwenye gari la siku hizi shafti inaonekana, unafungua boliti nne inatoka. Kwenye Ford A shafti imo ndani ya bomba, na bomba hilo limeungana na gia mbele na difu (difrensho) nyuma. Ndilo linalobeba msukumo wa magurudumu na kuupeleka mbele kwenye gari. Ukitoa gia zake, umeondoa kinachoishika ekseli ya nyuma. Basi utabadilisha na ekseli. Ukibadilisha ekseli, breki za nyuma nazo zimekwenda, kwa sababu breki zake hazina maji, ni vyuma virefu vinavyovutwa kutoka kwenye pedali hadi kila gurudumu. Hapo majuma mawili yamekuwa miezi minane na gari limekuwa Toyota mbovu yenye uso wa Ford.

Na nguvu ya nini? Injini hiyo ni silinda nne, lita 3.3, nguvu za farasi 40. Msafara wa harusi unakwenda mwendo wa fanfari (bendi ya tarumbeta).

Kukwama hakunitishi. Fungua buji zote nne, mimina kila tundu kikombe kidogo cha mazuti (dizeli) iliyochanganywa na oili nyepesi, acha juma zima, ongeza kila jioni. Kisha jaribu manivela taratibu, mbele na nyuma, usilazimishe. Akitokea mtu wa kusema "tuivute na Land Cruiser, gia ikiwa ndani", mfukuze. Tulivyoiua ile ya pili ni hivyo. Ikikataa kabisa, fungua kulasi (kichwa cha injini), nati 14. Vali ziko pembeni ndani ya bloku, kwa hiyo kulasi yake ni kifuniko tu, kama cha sufuria.

Jambo la kuogopa liko chini. Beringi zake haziuzwi kwenye boksi. Ni reguli, yaani bati pamoja na antimoni na shaba kidogo, iliyeyushwa ikamiminwa moja kwa moja ndani ya bloku na kwenye mikono ya pistoni. Fungua karta (bakuli la oili chini ya injini) utazame. Ikiwa nyeupe na laini kama sabuni iliyotumika, unaondoa vibati vyembamba vya pembeni, unakaza, basi. Ikiwa imepasuka kama matope ya kiangazi, inamiminwa upya na kuchongwa kwa mashine. Usimpe mtu wa kuyeyusha sufuria aweke risasi ya batri za zamani. Itazunguka siku ya kwanza, siku ya pili itagonga.

Umeme wake ni volti 6, na chanya ndiyo inayokwenda kwenye chasi. Fundi wa leo mkono wake utapeleka hasi bila hata kumwuliza. Andika kwa rangi kwenye bodi. Batri ya volti 6 utaipata kwa wauza sola, ila nyaya ziwe nene, zile nyembamba za volti 12 zitapata moto na stata itaguna tu.

Tangi liko mbele yako, juu ya magoti, mafuta yanashuka yenyewe hadi kwenye kabureta bila pompi. Ukilaza gari funga bomba lake, la sivyo asubuhi esansi (petroli) iko sakafuni. Na tangi hilo LISICHOMELEWE. Hata likikauka miaka 40, harufu imebaki ndani, na harufu ndiyo inayolipuka.

Radiateri usiihofie. Mfumo wake hauna presha, kwa hiyo fundi wa kuziba radiateri za kamyo anaweza kukutengenezea moyo mpya ndani ya ganda lako. Lakini siku ya kwanza kupima asiondoke mtu.

Karatasi nimesahau. Nani alisaini?

Mama Cherehani alijibu:

Papa Ajistere, nimeisoma mara tatu, mara ya pili kwa sauti mume akiwepo. Karatasi alisaini mkubwa wao peke yake.

Ajistere Mstaafu alijibu:

Rudi wasaini warithi wote, na mashahidi wawili. Leo ni banda la kuku. Likishapakwa rangi kila mtu atakumbuka kuwa babu alimpenda.

Kijana wa Katuba alijibu:

Hilo la bomba la shafti sikulijua, mzee. Naomba nije kuona likifunguliwa, sitagusa kitu.

Mama Cherehani alijibu:

Habari mpya. Saini nimepata tano kati ya sita, wa sita yuko Kasumbalesa, nitamfuata Jumamosi. Mmoja ameomba nimshonee suti kwanza. Nimemshonea.

Mazuti nimetia kila jioni siku kumi. Tundu la kwanza, la pili na la nne yalikuwa yanakunywa, asubuhi nakuta yamepungua. La tatu lilikuwa linabaki limejaa vilevile, nikajua ndilo linaloshika. Nikalipasha joto kwa maji ya moto ya chupa iliyofungwa kwenye kitambaa, wazo langu mwenyewe, msinicheke. Jana yule kijana wa Katuba alikuja kweli. Tukashika manivela wawili. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili ikatoa mlio, kama sindano inapopita kwenye mshono mnene wa jinzi, ikasogea labda upana wa vidole vitatu. Tukarudisha nyuma. Tukasogeza tena. Saa kumi na moja ilimaliza mzunguko mzima, na tundu la tatu likatema maji ya rangi ya kahawa mpaka ukutani.

Kijana anataka tutie esansi kwenye chupa, tuombe batri ya jirani, tuisikie hata dakika moja. Nami, sitadanganya, nataka.

Ajistere Mstaafu alijibu:

Hapana. Fungueni karta kwanza, mnipigie picha ya reguli. Mkipitisha hapo, siku ya kuwasha: mkono ule wa kushoto chini ya usukani upelekeni juu kabisa, ndio unaochelewesha moto. Na anayezungusha manivela dole gumba alilaze upande mmoja na vidole vingine, lisikikumbatie chuma. Ikirudisha teke, dole gumba lililozunguka chuma ndilo linalovunjika, na wewe mama unalihitaji kwa sindano.