Ziara za shule na viwanda Japani: naomba uzoefu wenu kabla sijapanda ndege

Kutoka: Mwalimu, Dodoma

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Nimechaguliwa kwenda mafunzo ya wiki tatu ya JICA, lile shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, mwezi wa Novemba, pamoja na walimu wa hisabati na sayansi kutoka nchi kadhaa. Ratiba imefika jana. Siku sita ni za kutembelea shule za msingi na sekondari upande wa Hiroshima, na siku mbili ni za viwandani. Sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Naomba mnieleze ukweli: nibebe nini, niulize nini, na mambo gani yataniaibisha nisipoyajua. Darasani kwangu wako wanafunzi 94, kwa hiyo naomba pia mniambie kama kweli kuna cha kurudi nacho.

Kutoka: Dada wa Higashi-Hiroshima

Marahaba Mwalimu, na hongera sana. Mimi nilikuja kwa njia hiyohiyo mwaka 2011, nikarudi baadaye kusoma, na siku hizi nasindikiza vikundi kama chenu kama mkalimani.

Naanza na miguu. Kwenye lango la kila shule kuna sehemu inaitwa genkan, na viatu vya nje vinaishia hapo. Unavua, unapanda na soksi bila kukanyaga chini tena, unavaa slipa za wageni. Njoo na viatu vya kuchomeka, maana watu 14 wakianza kufungua kamba kwa pamoja, dakika tano zimekwisha. Soksi ziwe nzima na nzito. Novemba korido zina baridi, na ukumbi wa michezo mara nyingi hauna kipasha joto. Chooni kuna slipa zake, nazo zibaki hukohuko.

La pili ni saa. Mwaka ule wa kwanza kikundi chetu kilichelewa dakika 20 kwa sababu wenzetu wawili walirudi hotelini kufuata kamera. Tulipofika tulimkuta mwalimu mkuu na msaidizi wake wamesimama nje, bila makoti, wanatusubiri. Hakuna aliyetulaumu. Ila kipindi cha shule ya msingi ni dakika 45 na hakisogezwi, kwa hiyo tuliona dakika 25 tu, na wimbo ambao watoto wa darasa la nne walikuwa wamejifunza kwa ajili yetu haukuimbwa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Mkiambiwa saa tatu, muwe getini saa tatu kasoro dakika kumi.

Sasa lile swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa. Wageni wengi wanaondoka na picha za watoto wakipiga deki na wakigawiana chakula. Mambo hayo ni mazuri, lakini nani kati yetu hakufagia uwanja kwa fagio la chelewa kabla ya mstarini? Tofauti utakayoiona ni kwamba mwalimu naye anashika tambara na kuinama pamoja nao. Liangalie hilo, kisha songa mbele.

Kitu cha kuomba ni hiki: ubaki baada ya somo. Walimu wa Japani wana utaratibu unaoitwa jugyō kenkyū, yaani kulichunguza somo. Wanaandaa andalio la somo moja kwa pamoja, mmoja wao analifundisha, wenzake wanasimama kandokando na nyuma ya darasa wakiandika, na baada ya vipindi wanakaa kulijadili. Ziara nyingi zinakuonyesha somo halafu basi linawasubiri nje. Unaondoka umeona nusu, tena ile nusu nyepesi.

Nikupe mfano. Somo lilikuwa eneo la msambamba, darasa la tano. Mwalimu alibandika umbo moja ubaoni, akauliza swali moja, akanyamaza. Watoto wakakata karatasi, wakapinda, wakachora. Akawaita wanne waonyeshe njia zao, na wa kwanza alikuwa ni aliyekosea: alizidisha pande mbili kama vile ni mstatili. Jibu lile halikufutwa. Huku ubao haufutwi mpaka kipindi kiishe, ili mtoto aweze kurudi nyuma kwa macho na kuona fikra zilivyotoka hapa zikafika pale. Wale watatu waliofuata walijenga juu ya kosa lile, na mwisho mtoto mwenyewe akainua mkono, akaeleza kwa nini upande wa mshazari si kimo.

Mimi niliona somo limekamilika. Kwenye kikao cha mchana, mwalimu mmoja kijana akafungua daftari lake, akasema: "Binti wa safu ya tatu, dirishani, alikuwa ameshachora daftarini jinsi ya kuikata pembetatu na kuihamisha upande wa pili. Aliposikia wenzake wanazungumzia njia nyingine, akaifuta." Chumba kizima kikanyamaza. Wakatumia karibu nusu saa kwa binti yule mmoja: alifuta dakika ya ngapi, mwalimu alikuwa amesimama wapi, na swali lilipaswa kuulizwaje ili asifute. Hakuna aliyemsifu wala kumponda mwalimu aliyefundisha.

Kile kikao hakikuhitaji projekta. Kilihitaji walimu watano, daftari, na mlango wa ofisi kufungwa kwa muda wa saa moja. Wenzetu wa Kenya walianza na JICA mradi wa SMASSE mwaka 1998 wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi walio kazini, na kituo cha CEMASTEA pale Karen, Nairobi, kinaendelea na kazi hiyo. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie jambo hili haliwezi kupandwa kwetu.

Mwandikie mratibu wako sasa hivi, usingoje kufika. Shule zinapanga ziara wiki nyingi kabla, na ombi la siku yenyewe linawatia walimu kwenye dhiki ya kukukatalia.

Kutoka: Mhandisi, Nagoya

Dada amemaliza upande wa shule. Mimi nilikuja na ABE Initiative, mpango wa Japani wa kuwasomesha vijana wa Afrika, nikasoma kisha nikafanya mafunzo kazini, na sasa nimeajiriwa, kwa hiyo niseme ya viwandani.

Tengeneza kadi za jina kabla hujaondoka, hata mia moja si nyingi mno. Unampa mtu kwa mikono miwili, unaipokea yake kwa mikono miwili, unaisoma, unaiweka mezani mbele yako. Usiitie mfuko wa nyuma wa suruali ukaikalia.

Omba mfike mapema muone kikao cha asubuhi. Wanasimama kwa duara, mmoja anataja hatari za kazi ya siku hiyo, na sehemu nyingi wanafanya kwanza mazoezi ya viungo ya redioni, yale yaliyoanza mwaka 1928. Ukipanda treni muangalie dereva: ananyoosha kidole kwenye taa na kutamka kwa sauti anachokiona, hata akiwa peke yake. Ni njia ya kuzuia akili isilale, na viwandani utaikuta hiyohiyo.

Ukipewa nafasi ya kuuliza, usiulize wanatengeneza vipande vingapi kwa siku, hilo liko kwenye kijitabu. Uliza: "Mara ya mwisho kitu kiliharibika hapa, mlijuaje na mlifanya nini?" Na kama inawezekana, muulize aliyeko kwenye mashine. Mimi niliuliza hivyo kwenye karakana ndogo ya watu tisa, na mzee mmoja akanipeleka kwenye kabati lake la zana. Kila bisibisi ina umbo lake limechorwa ubaoni nyuma yake. Akatoa moja, akanionyesha pengo lililobaki. "Nikiona pengo jioni, sifungi karakana." Huo ndio mpango wa 5S, yaani wa kupanga na kutunza mahali pa kazi, ambao hospitali zetu Tanzania wameutumia, Mbeya wakiwa miongoni mwa wa mwanzo. Picha usipige mpaka uruhusiwe, kila chumba ombi lake.

Kutoka: Bi mmoja wa Unguja, sasa Yokohama

Assalamu alaykum. Mwanangu, hukusema kama unachagua chakula, ila katika kikundi chenu hawakosi wenye kuchagua. Chakula cha mchana cha shule ni kimoja kwa wote, na nguruwe huingia hata kwenye mchuzi usioudhania. Jaza fomu mapema na uandike wazi. Ikishindikana, beba chakula chako lakini ukakae darasani na watoto. Usijitenge ofisini. Watoto wenye zamu huvaa kofia na aproni nyeupe, wakapakua, wakagawa, na hakuna anayeonja mpaka wote waseme kwa pamoja itadakimasu, neno la kushukuru kabla ya kula. Ukilisema nao neno lile moja, utaona nyuso zao. Nyuso hizo pia usizipige picha bila ruhusa ya shule.

Kutoka: Mwalimu, Dodoma

Ahsanteni sana, nimechapisha kila kitu. Maswali mawili ya mwisho. Mkuu wangu wa shule ameniagiza nikaombe kompyuta huko nitakakotembelea. Nifanyeje? Na slipa za wageni zina ukubwa gani? Mimi navaa namba 46.

Kutoka: Dada wa Higashi-Hiroshima

Kaka, kompyuta usiombe. Nasema hivi kwa heshima zote kwa mkuu wako. Nimekaa katikati kama mkalimani mara nyingi mgeni akiomba, na naona mwalimu mwenyeji anavyoinamisha kichwa, kwa sababu hana mamlaka wala bajeti ya kutoa, na kuanzia hapo haongei nawe tena kama mwalimu mwenzake. Maombi ya vifaa yana njia yake serikalini. Wewe njoo na kitu cha kutoa: daftari la mwanafunzi wako mmoja lenye kazi ya hisabati, ukiwa umemwomba yeye na wazazi wake. Liweke mezani kwenye kile kikao. Nakuhakikishia watalizunguka wote, na watakuuliza mtoto huyo alifikiri nini alipofika mstari wa tatu. Uwe umejiandaa kujibu.

Slipa za wageni zitakuishia katikati ya unyayo, na ngazi za shule ni za kushuka na kupanda siku nzima. Madukani huku namba 46 ni ya kutafuta kwa tochi. Nunua slipa zako hapo Dodoma, za kisigino kilichofungwa, soli safi isiyowahi kugusa nje, uzitie kwenye mfuko wake.